Foleni Uliyoihesabu Kuwa Neema

Shangazi,

Wanasema hisa ndizo zilizokuua. Walilisema msibani, wakalisema kwenye mashine ya kusaga, wakalisema hata mlangoni mwa kanisa viatu vyao vikiwa bado na udongo wa kaburi lako. Nimekataa. Daktari alituketisha, mimi na Baba, akatueleza kwamba moyo wako ulikuwa umepanuka kwa miaka mingi, tangu kabla hujalisikia neno hisa. Ulipanuka hadi kuta zake zikachoka. Nilitaka kumwambia kwamba hilo sisi tungemweleza bila kipimo chochote. Baba alikuwa amenishika mkono, na nilipogeuka nikamkuta analia.

Nakuandikia kutoka Iyula, kwenye meza ya Baba, siku ya pili baada ya kikao cha ukoo. Katika kikao hicho mshtakiwa ulikuwa wewe, na kwa kuwa hukuwa na namna ya kujitetea, nilisimama mimi. Nataka upate taarifa kamili kutoka kwa mtu aliyekuwapo, na si ile itakayokufikia kwa midomo ya wanaokufuata huko.

Lakini najua ungeniuliza kwanza habari za barabara. Foleni ipo. Inaanzia getini mpakani, inapanda, na siku nyingine mkia wake unapita kijiji cha Mpemba. Chupa zako tatu za chai ninazo mimi. Ile ya bluu bado inavuja ukiilaza kwa upande wa kushoto. Asubuhi ya kwanza nilipotembea nazo, dereva mmoja aliniuliza Mama Foleni yuko wapi leo. Nilipomjibu, alikiweka kikombe juu ya ngazi ya lori lake, akakitazama mpaka chai ikapoa, kisha akanilipa. Hakuinywa.

Wewe ndiye uliyenichukua hapa Iyula nilipomaliza darasa la saba, ukanipeleka Tunduma nikasome sekondari. Ada yangu yote, sare zangu, na nauli ya kwanza ya kwenda chuo kikuu vilitoka kwenye chupa hizo tatu na kapu la maandazi. Wenzako waliweka meza mahali pamoja wakangoja wateja. Wewe ulitembea. Kila alfajiri ulianzia mkiani mwa foleni ukaifuata lori kwa lori, kwa sababu, ulisema, "Mteja aliyekwama hakukimbii, lakini pia hakufuati." Ulijua kila lori limebeba nini. Huyu saruji, huyu mbolea, huyu hana kitu ila anajifanya ana kitu. Wazambia uliwaamkia "Mulishani" kwa lafudhi ya Kinyiha iliyowachekesha hadi wakanunua andazi la pili. Na kila nilipokuhubiria habari za haki na mapinduzi tukiwa tunakanda unga, ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Sawa, Kamanda. Lakini mapinduzi bila chai ni kelele tu."

Ndipo likaja lile kopo la zambarau.

Jina la kampuni sitaliandika; halistahili kulala kwenye karatasi moja na lako. Wewe mwenyewe uliliita Zambarau, na mji mzima ulikuelewa. Kilikuwa kinywaji cha kuchangamsha mwili, kitamu kupita kiasi, na ghafla kila kijana alikuwa amekishika. Vijana wa bodaboda walikinywa kabla ya safari ya kwanza. Sisi chuoni tulikinywa kwenye mikutano ya kulaani ubepari, bila hata mmoja wetu kuona kichekesho chake. Malori yaliyokibeba kwenda ng'ambo yalifunikwa maturubai ya rangi hiyohiyo, na wewe, uliyetembea foleni nzima kila siku, ukaanza kuyahesabu. "Kamanda, Jumatatu yalikuwa mawili. Leo yako saba. Watu wanaokunywa hivi hawawezi kuacha kesho."

Vijana wa bodaboda wakakwambia kwamba kampuni imeingia kwenye soko la hisa, na kwamba hisa zake zinanunuliwa kwa simu, kwa kubonyeza tu, kwa Kiswahili chenye adabu: karibu mteja, chagua idadi. Ukachagua. Bei ikapanda. Ukanipigia nikiwa katikati ya kikao cha serikali ya wanafunzi.

"Kamanda, kuanzia leo usiniite mama chai. Niite Mwenye Mali."

Nikakujibu, kwa kiburi changu chote cha mwaka wa pili, kwamba mwenye mali ndiye adui wa mfanyakazi na kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwangu. Ukacheka hadi simu ikakoroma. "Basi njoo unipindue. Lakini nauli ulipe mwenyewe."

Tulicheka wote wawili. Sikujua kwamba ulikuwa tayari umekiuza kipande chako cha mibuni.

Hapa, Shangazi, mkono wangu unakuwa mzito. Kile kipande Babu alikupa mbele ya wanaume wote wa ukoo, baada ya ndoa yako kuvunjika, wewe binti, jambo ambalo ukoo wetu haukuwahi kulifanya. Baba Mkubwa Lazaro, kaka yenu mkubwa, aliondoka mkutanoni siku ile bila kuaga. Baba yangu peke yake ndiye aliyekupigia makofi. Ukaipalilia mibuni ile miaka yote, ukapanda basi kila msimu kuja kuichuma. Kisha ukaiuza kwa jirani, hata Baba usimwambie, na fedha yote ukaipeleka kwenye Zambarau.

Baada ya hapo foleni ikarefuka. Nakumbuka sauti yako, ilikuwa sauti ya mtu aliyejibiwa maombi. "Sasa maturubai yako kumi na manne, na hayaondoki! Madereva wanakunywa chai mpaka chupa zinalia." Ulijaza chupa mara tatu kwa siku. Ukanunua hisa nyingine. Bei ikaanza kushuka, ukanunua nyingine tena, na nilipokuuliza kwa nini unanunua kitu kinachoanguka, ulinishangaa. "Wewe umezaliwa Mbozi au uliokotwa? Julai mahindi yanadharauliwa, Januari yanaabudiwa. Mwenye akili hununua Julai."

Januari ikaja. Zambarau ikaendelea kuanguka.

Halafu ile siku. Ulinitumia kwa simu taarifa ya mwaka ya kampuni, kurasa kwa kurasa za Kiingereza, ulizozipiga picha dukani kwa yule kijana wa kuchapa, na chini yake ukaweka ujumbe wa sauti. Ninao mpaka leo. Gari linapiga honi nyuma yako, kisha unasema, "Nisomee hii, mwanangu. Usinisomee yote. Nisomee tu pale wanaposema ukweli."

Nami nikakuandikia, na nayanakili hapa maneno yangu yote bila kuyapunguza, kwa sababu sitaki kujificha: "Shangazi, mimi nasoma ili niung'oe mfumo huu, sisomi ili niutafsirie ripoti zake." Nikaongeza na picha ya ngumi.

Hukujibu. Wewe, ambaye hukuwahi kukosa jibu. Nilidhani nimeshinda mjadala. Wiki tatu baadaye Baba akapiga simu, na badala ya salamu akaniambia umetutoka.

Nisamehe. Sitalirudia neno hili tena kwenye barua hii, maana ungeniambia nisilikande kama unga. Nimelisema mara moja. Nisamehe.

Baada ya mazishi nilirudi Tunduma kukusanya vitu vyako, nikashindwa kukaa chumbani. Kitenge chako kilikuwa mlangoni. Basi nikachemsha chai, nikabeba chupa, nikaenda foleni. Nilidhani nakwenda kukulilia kwa miguu. Kumbe nilikuwa nakwenda darasani.

Siku ya nne foleni iligoma kabisa. Toka asubuhi hadi alasiri hakuna lori lililosogea hatua. Madereva walitandika mikeka chini ya matela, wengine wakafua. Nami niliuza. Nilijaza chupa mara ya pili, nikajaza mara ya tatu, na nilipokuwa napanda kilima kwa safari ya nne, injini moja ikawaka huko mbele, na nikajikuta naomba moyoni: Mungu wangu, isisogee.

Nikasimama katikati ya barabara.

Mzee Shomari, yule dereva wa Tabora aliyekuwa akikuletea asali, alikuwa ananitazama kutoka kwenye kivuli cha lori lake. Akacheka. "Unatabasamu kama yeye. Sisi tukikwama, nyie mnanenepa." Akaninyooshea kikombe, nikamjazia, na hapo akaniambia jambo ambalo nadhani alikuwa akilibeba tangu ulipoondoka. "Yale ya zambarau hayakuwa yanangoja kuvuka, mwanangu. Yalikuwa hayana pa kwenda. Wanunuzi wa ng'ambo walishahamia kwenye kopo la kijani, mzigo hakuna wa kuupokea. Shangazi yako nilimwambia. Akaniongezea andazi, akasema, 'Kunywa chai, Shomari. Watapata kiu tu.'"

Hapo ndipo nilipokuelewa, Shangazi. Uliisoma foleni kwa jicho la chupa ya chai. Kwa muuza chai, lori lililokwama ni neema. Kwa mwenye mzigo, ni kidonda. Ulilitazama lori lilelile lenye turubai lilelile, ukaona faida yako ukadhani ni faida yao. Na ni nani angekulaumu? Kwa miaka yote hiyo foleni ilikuwa haijawahi kukudanganya. Kila iliporefuka, tulikula. Iliporefuka nilisoma. Mimi ni zao la malori yaliyokwama! Ungewezaje kuamini kwamba kitu kilichonilea kimegeuka kuwa habari mbaya?

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya paa za Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nilikaa kwenye kreti mbele ya chumba chako nikaisoma taarifa uliyonitumia. Niliisoma kama ulivyoniagiza, nikitafuta pale wanaposema ukweli. Palikuwapo. Walikuwa wameuficha katikati, baada ya picha za wakurugenzi wakicheka. Sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba mzigo usiouzwa, ulio maghalani na njiani, umeongezeka kuliko mauzo. Ya pili ilisema kwamba vijana hubadilisha ladha upesi na kwamba kampuni haiwezi kuahidi kitu kuhusu hilo. Basi. Ingenichukua muda wa kikombe kimoja cha chai kukusomea, na ungeelewa kuliko mimi, maana mzigo ulio njiani wewe ulikuwa unaujua kwa namba za matela.

Nilikasirika. Nilijikasirikia mimi kwanza, na kwa haki. Lakini hasira ilipokwisha kunimaliza mimi haikuisha. Kukuuzia walikuuzia kwa Kiswahili. Kukuonya wakakuonya kwa Kiingereza. Mlango wa kuingilia ulikuwa na karibu mteja, mlango wa kutokea ulikuwa na lugha ya watu wengine, na kati ya milango hiyo miwili ulikuwa na mkalimani mmoja tu duniani, naye alikuwa anashughulika na mapinduzi.

Sasa nikueleze kikao.

Kilikuwa Jumamosi, uani kwa Baba Mkubwa, kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Baada ya sala na chai, Baba Mkubwa Lazaro alisimama akavua kofia. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio uliniogopesha. "Dada yetu tumemzika kwa heshima. Sasa tuzike na kosa. Baba yetu alifanya jambo jipya, akampa binti mibuni. Leo mibuni iko wapi? Imekuwa karatasi, na karatasi imekuwa moshi. Si kosa la marehemu peke yake. Ni kosa la mila iliyovunjwa. Napendekeza kwamba kuanzia leo, katika ukoo huu, ardhi ni ya watoto wa kiume. Iandikwe."

Na binamu yetu, katibu wa ukoo, akafungua daftari, kalamu ikaanza kutembea.

Unajua hesabu yake, Shangazi. Baba hana mtoto wa kiume. Ana mimi na mdogo wangu Aneth, ambaye yuko kidato cha pili na alikuwa amekaa nyuma pamoja na wapishi akiosha vikombe. Ile kalamu ikifika mwisho wa mstari, shamba la Baba lingekwenda kwa wana wa Baba Mkubwa siku Baba akifumba macho, na jina lako ndilo lingekuwa sababu. Wangekutumia. Wangelichukua kosa lako moja wakalifanya ukuta wa kutuzuia sisi wote.

Nikasimama. Na nilianza vibaya sana. Nilianza kama tunavyoanza chuoni, nikataja mfumo dume, nikataja katiba, nikainua kidole. Mzee mmoja akageuka kutazama mbuzi. Baba Mkubwa akasema, bila hata hasira, "Binti, hapa si chuoni. Hapa makofi hayahesabiwi kura." Watu wakacheka, na kalamu ikaendelea.

Ndipo nikakusikia. Usinisomee yote. Nisomee tu pale wanaposema ukweli.

Nikashusha kidole. Nikawaambia: "Shangazi alikosea." Kalamu ikasimama, maana wote walinitarajia nikutetee. "Alikosea, na ninyi mnaomhukumu hamjui hata alikosea wapi. Nipeni muda wa kikombe kimoja niwaambie."

Nikawaambia habari ya foleni, na jicho la chupa ya chai. Nikawaambia habari ya mahindi: kwamba sisi watu wa Mbozi tumezoea bei inayorudi, kwa sababu mahindi yana Julai yake na Januari yake, mvua ikiisha yanashuka na njaa ikija yanapanda, lakini hisa haina msimu wala haina njaa ya kuisubiri, ikianguka inaweza kulala hapohapo milele. Nikawaambia kwamba kitu kikishapendwa na kila mtu, hadi mama chai wa Tunduma ameambiwa na bodaboda, waliokipenda mwanzo wanatafuta wa kumwachia. Nikawaambia kwamba hakuna mkulima hapa aliyewahi kupanda mibuni mitupu bila mgomba wala maharage katikati, na kwamba Shangazi, aliyelijua hilo tangu utotoni, alilisahau mara tu shamba lilipokuwa ndani ya simu. Na mwisho nikawaambia lile nililoapa kutomwambia mtu: kwamba alimwomba msomi wa ukoo huu amsomee onyo, na msomi huyo akamjibu kwa ngumi. "Mkitaka kuandika sheria itokanayo na kosa hili," nikasema, "andikeni kwamba mtu wa ukoo huu akiombwa kumsomea mwenzake, asome. Hiyo nitaisaini wa kwanza."

Hapo Aneth alikuwa ameacha vikombe.

Baba Mkubwa akasema, "Yote hayo ni sawa, lakini mibuni haipo. Mwanaume asingeuza mibuni kwa sababu ya fasheni."

Shangazi, ningekupa kila nilicho nacho ungekuwapo. Nilimgeukia taratibu. "Baba Mkubwa, shikamoo. Naomba niulize. Mwaka jana ulikata mibuni mingapi ukapanda parachichi?"

Akaigeuza kofia mkononi.

"Na uliyapenda parachichi kwa sababu gani? Ni kwa sababu ulimuuliza mnunuzi atayachukua wapi, au ni kwa sababu kila mtu huku milimani anapanda parachichi, na malori yake umeyaona yanapita?"

"Parachichi ni chakula!" akasema. "Hisa ni karatasi!"

"Na lori likikwama wiki nzima barabarani, parachichi ni nini?"

"Mbolea," akajibu mtu nyuma, na uani mzima ukapasuka kwa kicheko. Baba Mkubwa akaanza kupaza sauti, na hapo mke wake mwenyewe, Mama Mkubwa, ambaye katika maisha yangu yote sijamsikia akizungumza kikaoni, akasema kutoka jikoni bila kutokeza, "Hilo la parachichi mwacheni amalize."

Nikamaliza. Nikasema simcheki mtu. Parachichi yaweza kumtajirisha, namwombea. Lakini akianguka, je, tutaandika kwamba wanaume wasipewe ardhi? Yupo baba mmoja hapa aliyeuza ekari kwa ajili ya pikipiki, na pikipiki iko mtoni. Yupo mwingine aliyeuza yake akainywea pombe. Hatukukaa kikao. Hatukufungua daftari. Mwanaume akipoteza, tunasema bahati mbaya. Mwanamke akipoteza, tunasema ndivyo walivyo. Kosa la Shangazi ni kubwa, nikasema, na ni lake, na mnipe mimi nilibebe kama urithi. Lakini ni kosa la mtu. Msiligeuze kuwa kosa la binti.

Nikakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Baba akasimama. Unamjua mdogo wako, anavyosimama kana kwamba anaomba radhi kwa urefu wake. Akatazama ardhi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi: "Mistari sita ya mibuni huko chini, inayopakana na kijito, ni ya huyu. Inayofuata ni ya mdogo wake. Mimi bado hai, na shamba ni langu. Katibu, andika hiyo." Kisha akanigeukia na kunikazia macho. "Lakini aje na jembe. Asije na hotuba."

Katibu akamtazama Baba Mkubwa. Baba Mkubwa akavaa kofia. Akasema pendekezo lake litaangaliwa tena mwakani. Basi sijashinda, nisikudanganye. Lile neno halikufutwa, limeahirishwa. Lipo kwenye daftari na nusu ya mstari wake. Lakini chini yake, kwa wino uleule, kuna mistari sita ya kijito na mistari mingine ya Aneth, na imeandikwa mpaka nukta.

Jana asubuhi nilishuka kuiona. Jirani aliyenunua kipande chako ameing'oa mibuni yote, amepanda parachichi, ungecheka. Mpaka wetu na wake ni ule mti wako wa mkaratusi. Nilisimama hapo kwa muda. Sikulia. Ndiyo, nililia.

Sasa hisa zako. Wosia uliouandika kwa mkono wako kunirithisha kila kitu umekubaliwa na wote, labda kwa sababu wanadhani umenirithisha moshi. Shughuli za mirathi zikikamilika nitaziuza. Sitazikumbatia nikingoja Januari. Hilo umenifundisha kwa gharama kubwa, na somo lililolipiwa hivyo ni ufujaji kulitupa. Hazitalirudisha shamba. Zitanunua miche, na kidogo kitamsaidia Aneth shuleni. Lakini kumi sitaziuza. Nimeuliza, nikaambiwa kwamba hata mwenye hisa kumi ana kiti katika mkutano mkuu wa wanahisa, na ana haki ya kusimama akauliza. Nitakwenda. Nitakaa kwenye kiti chako, nitangoja zamu yangu, na nitawauliza wakurugenzi wale wanaocheka kwenye picha swali moja, kwa Kiswahili: kwa nini lugha mnayotuuzia siyo lugha mnayotuonyea?

Wakinijibu kwa Kiingereza, nitauliza tena. Unanijua.

Nimelitia makali jembe lako, lile la mpini mfupi uliloliacha kwa Baba. Kesho naanza mstari wa kwanza, na nimekuahidi wewe, siyo kikao, kwamba katikati ya mibuni nitaweka migomba na maharage. Baba amesema nisije na hotuba. Nimemheshimu. Lakini wewe nakwambia: nitakuja na vyote viwili. Jembe ni la mistari sita ya kijito. Hotuba ni ya mkutano mkuu. Na chai nitabeba, katika chupa ya bluu, nimeiegemeza upande wa kulia.

Pumzika sasa. Miguu yako ilitembea vya kutosha. Kuna neno uliniomba kwa simu siku ile nami nikakunyima kwa sababu ya kiburi, na nimelibeba tangu tukuzike. Nalitoa leo, kwa mdomo uleule uliokataa.

Kwaheri, Mwenye Mali.

Kamanda wako,
Iyula